Kurt Masur: Kiongozi wa okestra aliyesikilizwa na jiji zima

KURT Masur, Mjerumani aliyefariki dunia Desemba 19, 2015 akiwa na umri wa miaka 88, aliongoza okestra kadhaa miongoni mwa zile zinazoheshimika zaidi duniani, kuanzia Dresden na Leipzig hadi New York, London na Paris. Santuri alizorekodi na kumbi alizozijaza zingetosha peke yake kumpatia nafasi katika historia ya muziki.

Lakini mjini Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, wapo watu wasioijua simfoni hata moja ambao wanaikumbuka sauti yake. Wanaikumbuka kwa sababu ya tangazo fupi lililosikika katika vipaza sauti vya jiji hilo jioni ya Oktoba 9, 1989, wakati makumi ya maelfu ya raia walipokuwa wakiingia barabarani na askari wenye silaha wakiwasubiri.

Namna mwanamuziki alivyofikia mahali ambapo watawala na waandamanaji wote walikuwa tayari kumsikiliza ndiyo sehemu ya maisha yake inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Haikutokea kwa bahati, na wala haikuwa safari nyeupe kama inavyosimuliwa wakati mwingine.

Asiyetoa sauti jukwaani

Kwa wakazi wa miji ya Afrika Mashariki, neno okestra huleta kwanza picha ya bendi za dansi, mathalani Orchestra Maquis au Orchestra Safari Sound, ambamo kiongozi ndiye mtunzi, mwimbaji au mcharaza gitaa. Na ukitaja kondakta, mawazo ya wengi hukimbilia mlangoni mwa daladala.

Okestra ya simfoni ni kitu kingine. Ni kundi la wanamuziki kati ya 80 na 100 wenye fidla, selo, filimbi, zumari, tarumbeta na ngoma, kila mmoja akiwa na karatasi yenye sehemu yake tu. Kiongozi ndiye pekee mwenye maandishi ya sehemu zote mbele yake, na ndiye pekee jukwaani asiyetoa sauti yoyote. Anachokiona mtazamaji, yaani ile mikono inayopanda na kushuka, ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa hufanyika katika mazoezi, ambako kiongozi anaamua mwendo, anapima nani asikike na nani ajizuie, na anawafanya watu 100 wenye ujuzi na majivuno yao wasikilizane.

Mkurugenzi wa muziki ana mzigo mwingine juu ya huo. Yeye ndiye anayechagua kazi zitakazopigwa mwaka mzima, wageni watakaoalikwa na ziara zitakazofanywa, na ana kauli katika kuajiri wanamuziki wapya. Ndiye pia anayekwenda kubisha hodi kwa wenye fedha. Nchini Marekani wenye fedha ni matajiri na mashirika. Katika nchi alikokulia Masur kikazi, mwenye fedha alikuwa mmoja tu, yaani dola, na nyuma ya dola alisimama chama tawala.

Fundi umeme wa Brieg

Masur alizaliwa Julai 18, 1927 katika mji wa Brieg, eneo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa la Ujerumani. Leo mji huo unaitwa Brzeg na upo Poland. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya umeme, na kijana Kurt alifunzwa ufundi huo, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye piano na kinanda cha kanisani.

Ndoto ya kuwa mpiga piano ilikatika mapema. Akiwa na umri wa miaka 16 aligundulika kuwa na hitilafu katika mshipa wa kidole kidogo cha mkono wa kulia, ambayo madaktari hawakuweza kuitengeneza. Ni wakati huo alipoamua kuwa kiongozi wa okestra, kazi ambayo mikono haihitaji kugusa ala yoyote. Katika miaka yake ya baadaye alizoeleka kuongoza bila kijiti, kwa vidole na macho tu.

Vita ya Pili ya Dunia ilimkuta akiwa kijana wa kutosha kuvalishwa sare. Aliingizwa jeshini katika miezi ya mwisho ya vita hiyo na akawa mmoja wa wachache wa kikosi chake waliorudi wakiwa hai. Mwaka 1946 alijiunga na chuo cha muziki cha Leipzig, lakini aliondoka miaka miwili baadaye bila kumaliza masomo, kwa kuwa alikuwa amepata kazi katika jumba la opera la Halle.

Miaka iliyofuata alipanda ngazi kama wapandavyo viongozi wengi wa Kijerumani, jumba moja la opera baada ya jingine: Erfurt, Leipzig, kisha okestra ya Dresden, kisha Schwerin. Kati ya mwaka 1960 na 1964 alikuwa Berlin Mashariki, katika jumba la Komische Oper lililokuwa chini ya Walter Felsenstein. Huyo alikuwa mwongozaji wa michezo aliyejulikana kwa kufanya mazoezi kwa majuma mengi hadi kila mwimbaji ajue kwa nini anaimba anachokiimba. Masur aliondoka hapo akiwa amejifunza ung'ang'anizi ambao wanamuziki walioufurahia walikuwa wachache.

Mwaka 1967 alipewa Okestra ya Filamonia ya Dresden. Miaka mitatu baadaye ukaja wito uliobadili maisha yake.

Nyumba ya wafanyabiashara wa nguo

Okestra ya Gewandhaus ya Leipzig ilianzishwa mwaka 1743, na walioilipia walikuwa wafanyabiashara. Kabla ya hapo okestra nyingi za Ulaya ziliishi kwa hisani ya wafalme au kanisa. Hii iliishi kwa mifuko ya raia, na jina lake linatokana na jengo la wauza nguo ambamo ilihamia baadaye. Felix Mendelssohn aliiongoza kuanzia mwaka 1835 na kuifanya mfano kwa bara zima.

Kiti hicho kilikuwa na heshima, lakini kilikuwa pia na kumbukumbu chungu. Bruno Walter alifukuzwa na Wanazi mwaka 1933 kwa sababu alikuwa Myahudi. Miaka mitatu baadaye sanamu ya Mendelssohn, naye wa asili ya Kiyahudi, iliondolewa mbele ya ukumbi, na meya wa jiji, Carl Goerdeler, akajiuzulu. Ukumbi wenyewe uliharibiwa na mabomu wakati wa vita. Naye Václav Neumann, raia wa Chekoslovakia aliyemtangulia Masur, aliacha kazi mwaka 1968 kupinga kuvamiwa kwa nchi yake na majeshi ya Mkataba wa Warsaw, ambamo Ujerumani Mashariki ilikuwa mwanachama.

Hivyo Masur alipokubali wadhifa huo mwaka 1970, alikalia kiti ambacho mwenzake alikiacha kwa sababu ya dhamiri. Hilo halipaswi kusahauliwa na wanaotaka kumchora kama mpinzani wa tangu mwanzo. Hakuwa mpinzani. Alikuwa mtu aliyeamua kufanya kazi ndani ya mfumo uliokuwapo, na mfumo huo ulimlipa vizuri kwa kumpa Tuzo ya Taifa zaidi ya mara moja na ruhusa ya kusafiri ambayo raia wa kawaida hakuiota. Mwaka 1974 aliipeleka okestra hiyo Marekani kwa mara ya kwanza. Ziara kama hizo ziliipa serikali sifa, na ziliiletea fedha za kigeni ambazo ilikuwa na kiu nazo.

Nchi hiyo haikuwa ngeni kabisa kwa Waswahili. Zanzibar iliitambua Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani mwaka 1964, mara baada ya Mapinduzi, na majumba marefu ya Michenzani ni ushahidi wa urafiki huo. Huko Leipzig kwenyewe Kiswahili kilikuwa kikifundishwa chuo kikuu.

Kwa kiongozi wa okestra, kuwa kipenzi cha wakubwa kulikuwa na manufaa yake, na Masur alijua kuyatumia. Tangu vita iishe okestra yake ilikuwa ikipiga katika ukumbi wa kuazima ndani ya bustani ya wanyama ya Leipzig. Alipeleka suala hilo hadi kwa Erich Honecker, mkuu wa chama na serikali, na akalisukuma mpaka likakubalika. Jiwe la msingi liliwekwa Novemba 1977. Oktoba 8, 1981 ukumbi mpya wenye viti takriban 1,900 ulifunguliwa katika uwanja ulioitwa Karl-Marx-Platz.

Uwanja huo ndio ambao mwaka 1968 watawala walililipua kwa baruti kanisa la chuo kikuu lililokuwa limesimama hapo kwa karne nyingi, ingawa wakazi wengi walipinga. Kwamba ukumbi mkubwa wa muziki wa Bach na Beethoven ulisimamishwa mahali hapohapo, kwa fedha za serikali ileile, kunaonyesha aina ya biashara ambayo Masur alikuwa akiifanya na wakubwa wake.

Katika miaka hiyo maisha yake binafsi yalipata pigo zito. Mwaka 1972 alipata ajali ya gari katika barabara kuu, na mkewe Irmgard akapoteza maisha. Baadaye alimwoa Tomoko Sakurai, mwimbaji kutoka Japani.

Wapiga gitaa wa mitaani

Alama ya kwanza kwamba hesabu zake na watawala zilikuwa zikibadilika ilionekana kiangazi cha mwaka 1989. Juni 10 mwaka huo vijana wapiga muziki wa mitaani walifanya tamasha katikati ya Leipzig bila kibali. Polisi waliwavamia, wakawapakia katika malori pamoja na magitaa yao na kuwapeleka kituoni.

Masur angeweza kunyamaza. Wale hawakuwa wanamuziki wa kiwango chake, na muziki wao haukuwa wake. Badala yake, mwezi Agosti aliufungua ukumbi wa Gewandhaus kwa mkutano wa hadhara kuhusu muziki wa mitaani, akawakalisha wanamuziki, wananchi na maofisa chini ya paa moja. Watu wakasema mambo ambayo hayakuwa yakisemwa hadharani. Mkutano wenyewe ulikuwa mdogo, lakini uliwafundisha watu wa Leipzig kwamba kulikuwa na mlango mmoja mjini ambao ungeweza kufunguliwa.

Jumatatu ya Oktoba 9

Kwa miaka kadhaa maombi ya amani yalikuwa yakifanyika kila Jumatatu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai, ambako Christian Führer alikuwa mchungaji. Kufikia vuli ya mwaka 1989 waliotoka kanisani hawakuwa wakirudi nyumbani tena. Walikuwa wakiandamana, na idadi yao iliongezeka kila juma.

Hofu ilikuwa na msingi. Mwezi Juni jeshi la China lilikuwa limewapiga risasi waandamanaji mjini Beijing, na bunge la Ujerumani Mashariki likatoa tamko la kuunga mkono hatua hiyo. Oktoba 7, siku ya sherehe za miaka 40 ya taifa hilo, polisi waliwapiga watu kwa virungu Berlin na Leipzig. Oktoba 6 gazeti la chama mjini Leipzig lilichapisha barua ya kamanda wa wanamgambo iliyoeleza kuwa wako tayari kukomesha vitendo vya wapinzani hata kwa silaha ikibidi. Jumatatu ilipofika, maelfu ya polisi, wanajeshi na wanamgambo walikuwa wamewekwa tayari, na hospitali zilielekezwa kujiandaa kupokea majeruhi.

Mchana wa siku hiyo Masur alimpigia simu Kurt Meyer, katibu wa chama wa mkoa aliyeshughulikia utamaduni, na kumuuliza nini kifanyike. Walikutana nyumbani kwa Masur wakiwa watu sita. Walikuwapo Masur, mchekeshaji Bernd-Lutz Lange, mwanatheolojia Peter Zimmermann, na makatibu watatu wa chama wa mkoa, yaani Meyer, Jochen Pommert na Roland Wötzel. Hao watatu walikwenda bila kibali cha Berlin. Kwa mtu aliyepata kuishi chini ya chama kimoja, uzito wa jambo hilo hauhitaji maelezo.

Waliandika tamko la sentensi chache. Walisema wameletwa pamoja na wasiwasi wa wote, kwamba nchi inahitaji kubadilishana mawazo kwa uhuru kuhusu mwelekeo wa ujamaa, na wakaahidi kutumia uwezo wao wote ili mazungumzo hayo yafanyike, si mjini Leipzig tu bali hata na serikali. Mwishoni waliomba utulivu.

Kwa masikio ya leo maneno hayo ni ya tahadhari mno. Hayakudai uchaguzi, hayakumtaka mtu yeyote ajiuzulu, na wala hayakuugusa Ukuta wa Berlin. Lakini hapo ndipo ulipokuwa ustadi wake. Mwandamanaji aliyasikia maneno 'kubadilishana mawazo kwa uhuru', na askari aliyasikia majina ya makatibu wa chama chake. Kila upande ulipata sababu ya kusubiri.

Tamko lilisomwa makanisani mwishoni mwa maombi. Masur alilirekodi kwa sauti yake, nalo likarushwa redioni na katika vipaza sauti vilivyofungwa mitaani. Uamuzi wa kumpa yeye kazi ya kusoma ulikuwa sahihi. Miongoni mwa wale sita, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na sauti iliyotambulika mjini kote na ambayo haikuwa ya chama.

Watu wapatao 70,000 walikusanyika katika uwanja wa Karl-Marx-Platz, mbele ya ukumbi ule ambao Masur aliuomba kwa Honecker, kisha wakaanza kutembea kuizunguka barabara ya katikati ya jiji, wakipita kituo cha treni na ofisi za idara ya usalama, Stasi. Walibeba mishumaa. Walipaza sauti wakisema, "Sisi ndio wananchi." Hakuna risasi iliyofyatuliwa.

Honecker aliondolewa madarakani Oktoba 18. Ukuta ulifunguliwa Novemba 9, mwezi mmoja kamili baada ya usiku huo.

Nani astahili sifa

Tangu wakati huo mabishano hayajaisha kuhusu aliyeiokoa Leipzig. Egon Krenz, aliyemrithi Honecker, alijinasibu kwamba yeye ndiye aliyezuia umwagaji damu. Lakini simu yake kutoka Berlin ilifika waandamanaji wakiwa wamekwishakamilisha sehemu kubwa ya mzunguko wao. Aliyekuwa na amri mkononi mjini Leipzig ni Helmut Hackenberg, kaimu mkuu wa chama wa mkoa. Yeye, akikosa jibu la wakubwa na akiliona umati ulivyo mkubwa kuliko alivyotarajia, aliwaambia askari wajiweke kando na kujilinda tu.

Wapo wanaosema tamko la watu sita halikubadili lolote, kwa kuwa watu 70,000 walikuwa wamekwishatoka majumbani mwao kabla ya kulisikia. Hoja hiyo ina nguvu. Waliohatarisha maisha ni wale waliotembea. Lakini umati wenye hofu ukikutana na askari wenye hofu, jiwe moja linatosha kuleta maafa, na usiku ule hakuna aliyelirusha. Kusema kwamba sauti ya Masur haikuchangia utulivu huo ni kuwabishia wengi waliokuwapo na wanaosema ilichangia.

Ukweli mgumu zaidi ni kwamba sauti hiyo ilikuwa na thamani kwa sababu ya miaka 19 ya kuelewana na watawala. Mpinzani wa kweli, aliyefungwa au kunyimwa kazi, asingeweza kumpigia simu katibu wa chama na kumwita nyumbani kwake. Msanii aliyeondoka kama Neumann asingekuwapo. Masur alikuwa ameweka akiba ya heshima pande zote mbili, kwa njia ambazo nyingine zinaweza kulaumiwa, na siku hiyo aliitumia.

Baada ya hapo ukumbi wa Gewandhaus uligeuka baraza la majadiliano ya wananchi, na jina la Masur likaanza kutajwa kama mtu anayefaa kuwa rais. Hakuifuata njia hiyo. Oktoba 2, 1990, usiku wa mwisho wa Ujerumani Mashariki, aliongoza Simfoni ya Tisa ya Beethoven mjini Berlin katika hafla ya kuiaga nchi iliyokuwa ikitoweka saa sita usiku.

New York na kilio chake

Wakati huo alikuwa amekwishateuliwa kumrithi Zubin Mehta katika Filamonia ya New York, okestra iliyoanzishwa mwaka 1842. Alianza kazi huko Septemba 1991 huku akiendelea na Leipzig hadi mwaka 1996.

Wanamuziki wa New York walikuwa na sifa mbili, ya umahiri mkubwa na ya kuwasumbua viongozi wao. Masur, mrefu, mwenye ndevu na uso usiocheka ovyo, aliwabana. Alirudi kwenye Beethoven, Brahms, Mendelssohn na Bruckner, akadai sauti nzito na iliyoshikamana, na wakosoaji wengi walikubali kwamba okestra ilianza kupiga kwa nidhamu ambayo ilikuwa imepungua. Walikuwapo pia walioona ukali wake umezidi.

Alichokuta kigeni zaidi kilikuwa namna ya kuiendesha taasisi. Leipzig alihitaji kumshawishi mtu mmoja mwenye madaraka. New York alikuta bodi, wafadhili, menejimenti yenye mtendaji wake mkuu, na chama cha wafanyakazi, na hapakuwa na Honecker wa kumaliza mjadala. Uhusiano wake na menejimenti ulizorota, na bodi ikaamua kwamba mwaka 2002 ungekuwa wa mwisho wake. Hakuficha kwamba angependa kubaki.

Hata hivyo, miezi yake ya mwisho ndiyo iliyowafanya wakazi wa jiji hilo wamkumbuke. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, tamasha la kufungua msimu halikuwezekana kuendelea kama sherehe. Masur aliiondoa ratiba yote na Septemba 20 akaongoza 'Requiem ya Kijerumani' ya Brahms, iliyorushwa na televisheni. Kazi hiyo ni tofauti na misa nyingi za wafu. Brahms aliokota maneno yake kutoka katika Biblia ya Kijerumani, na shabaha yake ni kuwafariji waliobaki kuliko kuwaombea waliokwenda. Mtu aliyeuona mji mmoja ukishikwa na hofu alijua cha kuupigia mji mwingine. Mwaka huohuo yeye mwenyewe alipandikizwa figo.

Alikwisha kuwa kiongozi mkuu wa Filamonia ya London tangu mwaka 2000, kazi aliyoishika hadi 2007, na kati ya 2002 na 2008 alikuwa mkurugenzi wa muziki wa Okestra ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris. Siku alipotimiza miaka 80, Julai 18, 2007, aliziunganisha okestra hizo mbili, ya Waingereza na ya Wafaransa, katika jukwaa moja jijini London.

Nyumba ya Mendelssohn

Kuna kazi moja ambayo aliifanya kwa ukaidi zaidi hata ya ile ya ukumbi. Nyumba ambamo Mendelssohn aliishi na kufariki dunia mwaka 1847 ilikuwa bado imesimama Leipzig, lakini ikiwa imechakaa. Mwaka 1991 Masur aliongoza kuanzishwa kwa taasisi ya kimataifa ya kuiokoa, akawa anaomba michango kila alikokwenda kupiga muziki, Marekani na Japani. Nyumba hiyo ilifunguliwa kama makumbusho Novemba 1997, miaka 150 baada ya kifo cha mtunzi huyo. Nakala ya sanamu iliyoondolewa na Wanazi ilisimamishwa tena mjini humo mwaka 2008.

Aprili 2012, akiongoza mjini Paris, alianguka kutoka jukwaani. Miezi michache baadaye ilitangazwa kwamba alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha na kukakamaza viungo. Kwa mtu aliyeongoza kwa vidole vitupu, ulikuwa ugonjwa wenye ukatili wa pekee. Aliendelea kupanda jukwaani kila alipoweza, wakati mwingine akiongoza ameketi.

Alifia Greenwich, katika jimbo la Connecticut, Marekani. Mwili wake ulirejeshwa Leipzig, jiji lililomfanya raia wake wa heshima tangu mwaka 1989, na ukazikwa Januari 2016 katika makaburi ya kusini mwa jiji. Mmoja wa watoto wake, Ken-David Masur, alifuata kazi ya baba yake na mwaka 2019 alianza kuwa mkurugenzi wa muziki wa Okestra ya Simfoni ya Milwaukee.